Safari ya Bur Dubai: Katika Soko la Kompyuta

Mji wa Dubai umepasuliwa na hori. Wenyewe huiita Khor, na neno hilo si geni kwetu watu wa pwani, kwani ndilo hilo hilo tusemalo hori: mkono wa bahari uingiao katika nchi kavu. Upande mmoja ni Deira, na upande wa pili ni Bur Dubai. Kwenye gati za Deira hufungwa majahazi, nayo hupakiwa majokofu, matairi, magunia na masanduku ya kila namna. Babu zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walizijua bandari za Ghuba kwa biashara ya boriti, na mabaharia wa Ghuba walikuja kwetu kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Siku hizi wafanya biashara wetu huenda kwa ndege, na katika mizigo yao mna nguo, simu, vipuri vya magari, na kompyuta.

Habari za majumba marefu ya mji huo zimekwisha andikwa sana, na hatuna haja ya kuzikariri. Katika kurasa hizi twapenda kuwapeleka wasomaji wetu mahali padogo, yaani mitaa ya Bur Dubai inakouzwa kompyuta na vipande vyake. Tulifika huko mwezi wa Novemba 2025, nasi tulikuwa tumebeba amana ya watu.

SABABU YA KWENDA SOKONI

Iko nyumba moja mjini Mombasa ambayo twaijua vyema. Mama wa nyumba hiyo ni mshonaji, na hesabu zake zote za vitambaa, madeni na malipo zimo katika kompyuta ya nyumbani. Watoto wake watatu huitumia kompyuta hiyo hiyo kwa masomo yao. Nayo ni kompyuta ya mezani ya Dell, yenye umbo jembamba, iliyotengenezwa mwaka 2012 kwa kazi za ofisini, kisha ikanunuliwa ikiwa imekwisha tumika.

Kompyuta hiyo ilikuwa ikiendeshwa na Windows 10. Mfumo huo ulitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea marekebisho ya bure ya kuziba nyufa za usalama, isipokuwa kwa mtu aliyejiandikisha kupata muda wa mwaka mmoja zaidi, mpaka Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Huendelea kufanya kazi kama kawaida. Lakini kila ufa mpya unaogunduliwa na wezi wa mtandaoni hubaki wazi, na nyumba yenye hesabu za watu ndani yake haiwezi kulala mlango ukiwa wazi.

Basi mama yule akamwita fundi mmoja. Fundi akaitazama, akasema: "Kasoro yake ni grafiki. Tieni kadi mpya ya grafiki, na Windows 11 itaingia." Mama akakivunja kibubu chake, akatukabidhi akiba ya ushoni wa miezi mingi, akatwambia: "Maadamu mwaenda Dubai, niletee hiyo kadi." Fedha ile haikuwa nyingi kwa macho ya tajiri, lakini ilikuwa ndiyo yote.

GRAFIKI NI KITU GANI?

Yafaa kwanza tueleze jambo hili kwa ajili ya wale wasiolijua. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoziamrisha programu nyingine zote na vipande vyote vya kompyuta. Windows 10 na Windows 11 ni katika mifumo hiyo. Grafiki ni sehemu ya kompyuta inayochora kila kitu kinachoonekana katika skrini. Katika kompyuta nyingi za ofisini sehemu hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe, yaani ubongo wa mashine. Mtu akitaka grafiki yenye nguvu zaidi, huchomeka kadi ya peke yake juu ya bodi kuu.

Baina ya mfumo endeshi na grafiki yuko mkalimani, naye huitwa draiva. Ikiwa mkalimani huyo hajui lugha ya mfumo mpya, kazi haifanyiki, hata kama grafiki ni nzima. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, yataka grafiki inayofahamu lugha iitwayo DirectX 12, na draiva ya namna ya WDDM 2.0.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 2006, kabla ya kutoka Windows Vista, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa zimebandikwa karatasi isemayo kwamba zina uwezo wa kuiendesha Vista. Mfumo wenyewe ulipotoka kwa watu wote tarehe 30 Januari 2007, uzuri wake uliosifiwa kuliko wote ulikuwa ni madirisha yanayopenya nuru kama kioo, yaliyoitwa Aero. Lakini Aero ilitaka grafiki ya DirectX 9 na draiva ya WDDM, na baadhi ya kompyuta zilizobandikwa karatasi ile hazikuwa nayo. Wanunuzi wakaishitaki Microsoft huko Marekani mwaka huo huo wa 2007. Basi tangu zamani, kibandiko ni kitu kimoja, na uwezo wa mashine ni kitu kingine.

KUVUKA HORI

Asubuhi tulishuka katika kituo cha Deira, tukapanda abra. Hiyo ni mashua ya mbao yenye injini, na abiria huketi katikati, migongo ikielekeana, nyuso zikitazama maji. Nauli tuliyolipa ilikuwa dirhamu 1 kwa kila mtu. Upepo wa horini ulikuwa mzuri, na harufu ya dizeli ilichanganyika na harufu ya viungo kutoka soko la Deira, hata tukaikumbuka gati ya Lamu.

Tuliposhuka Bur Dubai tulipita katika soko la vitambaa, ambako wauzaji huwaita wapita njia kwa lugha nne au tano. Kisha tukaupita Msikiti Mkuu, na ngome ya Al Fahidi iliyojengwa mwaka 1787, ambayo ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia mjini. Kutoka hapo tulishika barabara ya Al Fahidi, yenye maduka ya saa, kamera na vyombo vya umeme, mpaka tukafika barabara ya Al Mankhool. Hapo ndipo lilipo jengo liitwalo Al Ain Centre, na jirani yake ni Al Khaleej Centre. Mtaa wa karibu, unaoitwa kwa jina la Khalid bin Al Waleed, umejulikana kwa watu wengi kuwa ni mtaa wa kompyuta.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini biashara hii imekusanyika katika mji wa jangwani usiotengeneza hata kipande kimoja cha kompyuta hizo? Jibu ni bandari na maarifa ya biashara. Bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka 1979, na eneo huru la biashara likaanzishwa kando yake mwaka 1985, ili bidhaa ziingie na kutoka bila mizigo mikubwa ya ushuru. Mwaka 1981 yalifanywa mjini humo maonyesho ya kompyuta, ambayo baadaye yalipewa jina la GITEX, na yakawa makubwa mwaka hata mwaka. Kwa njia hiyo vitu vinavyotengenezwa China na Taiwan hushukia hapo, kisha hutawanywa kwenda Iran, Bara Hindi na Afrika. Kompyuta nyingi tunazozinunua Kariakoo au Nairobi zimekwisha pitia mikono ya watu wa Dubai.

NDANI YA JENGO

Mle ndani maduka ni madogo, mengine si mapana kuliko chumba cha kulala, lakini yamejaa mpaka dari. Hapa zinauzwa kompyuta za mkononi zilizotumika, zimepangwa wima kama vitabu. Pale zinauzwa diski na kumbukumbu. Pembeni amekaa fundi, taa imemwinamia, naye ana bisibisi ndogo kama sindano. Wateja wake ni wa mataifa yote, nasi tulisikia Kiajemi, Kiurdu, Kiarabu, Kisomali, na kwa furaha yetu tulisikia Kiswahili cha Tanga.

Tuliingia katika duka la kwanza, tukauliza kadi ya grafiki ya kuendeshea Windows 11. Kijana wa hapo hakuuliza neno. Akaweka mezani kadi nne. Kila moja aliisifu, na bei ya kila moja aliishusha kabla hatujafungua kinywa. Tukamshukuru, tukatoka.

Katika duka la pili tulimkuta mtu wa makamo, mzaliwa wa Kerala. Naye alipotusikia hakugusa kadi yoyote. Alituuliza maswali.

"Ndugu zangu, umbo la kompyuta yenyewe ni lipi, pana au jembamba?"

Tukamjibu kuwa ni jembamba. Akasema: "Basi kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Mwataka kadi fupi, yenye bati fupi."

"Na pawa-saplai yake ni ya wati ngapi?"

Tulikuwa tumeiandika: wati 240. Akatueleza kwamba nafasi ya kuchomekea kadi katika bodi kuu haitoi zaidi ya wati 75, na kadi kubwa zinazohitaji waya wa ziada hazifai kwa kisanduku cha umeme kidogo kama kile.

"Na skrini yenu ina tundu gani?"

Tukasema ni skrini ya zamani ya VGA. Akatikisa kichwa. Akatwaa kadi ya GeForce GT 1030, akatuonyesha: "Hii ni ya mwaka 2017, hula wati 30 tu, na yaingia katika umbo jembamba. Lakini matundu yake ni HDMI na DVI-D, hayatoi VGA. Itawabidi mnunue na kigeuzi chenye umeme wake, au skrini mpya." Kisha akatuonyesha GT 710 ya mwaka 2016, yenye tundu la VGA na bei ndogo. "Hii itawakubali leo," akasema, "lakini kampuni ya NVIDIA iliacha kuitolea draiva mpya mwaka 2021, na marekebisho ya usalama yakakoma mwaka 2024. Mtakuwa mmeukimbia mfumo uliokwisha, mkanunua kadi iliyokwisha."

Kisha akauliza swali la mwisho, nalo ndilo lililokuwa na uzito: "Prosesa ni ya kizazi gani?"

MILANGO MINGINE

Tulimpigia simu kijana mkubwa wa nyumba ile. "Shikamoo, ami," akasema, na akaketi mbele ya kompyuta. Tukamwambia aandike neno dxdiag katika kidirisha cha kuamrisha, akatusomea: prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, na draiva ya grafiki iko chini ya WDDM 2.0. Basi fundi wa Mombasa hakusema uongo. Grafiki ile kweli haikutosha. Kisha tukamwambia aandike tpm.msc. Akasoma: TPM namba 1.2.

Mwenye duka akaiweka kadi yake katika kisanduku, akakifunga. Akatueleza hivi. Windows 11 ina milango kadhaa, na grafiki ni mmoja tu. Yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4, na nafasi isiyopungua GB 64 katika diski. Yataka bodi yenye UEFI na uwezo wa Secure Boot, yaani kuwaka kwa njia salama. Yataka TPM namba 2.0, nacho ni kifaa cha kuzitunzia funguo za siri za kompyuta. Tena yataka prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na kwa prosesa za Intel Core za nyumbani na ofisini orodha hiyo, kwa kadiri kubwa, yaanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. "Kadi yangu," akasema, "itawafungulia mlango mmoja. Mlango wa prosesa na wa TPM itabaki imefungwa. Sitachukua fedha ya mama huyo kwa mlango mmoja."

Tukamwuliza habari ya zile hila zinazosimuliwa, za kuiingiza Windows 11 kwa nguvu. Akasema zipo, na watu wengi hufanya hivyo. Lakini Microsoft yenyewe imetangaza kwamba kompyuta ya namna hiyo haina ahadi ya kupata marekebisho. Basi mtu atakuwa ametoka katika nyumba isiyo na mlinzi, akaingia katika nyumba ambayo mlinzi wake aweza kuondoka siku yoyote.

KADI ZENYE MAJINA YA KUAZIMA

Mchana, baada ya sala ya adhuhuri, tulizunguka maduka mengine ili tupate ujuzi zaidi. Twapenda kuwatahadharisha vijana wetu na mambo mawili wanayoweza kukutana nayo katika soko lolote la kadi, kuanzia Dubai mpaka kwetu.

La kwanza ni jina moja kwa mali mbili. GT 1030 ya mwaka 2017 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine kwa jina lile lile, lakini yenye kumbukumbu ya DDR4, ambayo upitishaji wake ni GB 16.8 kwa sekunde, ilhali ile ya kwanza hupitisha GB 48. Tofauti hiyo ni ya karibu mara tatu, na juu ya kisanduku imeandikwa kwa herufi ndogo.

La pili ni udanganyifu hasa. Wako watu wanaochukua kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, wakabadilisha maandishi ya ndani yake, ili ijitaje kuwa ni GTX 1050 Ti. Kompyuta huamini, na mnunuzi huamini. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huweza kuzitambua kadi nyingi za namna hiyo na kuziandikia kuwa ni za bandia. Muuzaji mwaminifu hakatai kuichomeka kadi dukani na kuipima mbele ya macho yako. Akikataa, umekwisha pata jibu.

HUKUMU YA MWENYE MALI

Jioni tulimweleza mama yule kwa simu yote tuliyoyasikia, bila kumpunguzia neno. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama inaweza kupatikana kompyuta ya kizazi cha nane iliyotumika kwa fedha ile. Tukasema haitoshi, ila ikiongezwa kwa miezi michache itatosha. Akauliza: "Na watoto watasomaje mpaka hapo?"

Tukarudi kwa yule mtu wa Kerala, naye akatupa shauri lisilomletea faida kubwa. Akatuuzia diski ndogo ya SSD, ambayo ilichukua sehemu ndogo tu ya akiba ile, akatwambia tuiweke ndani yake Linux Mint, mfumo endeshi wa bure ambao ungali ukitolewa marekebisho. Grafiki ya prosesa ile ya kizazi cha tatu, ambayo Windows 11 imeikataa, Linux yaijua vyema bila kadi wala draiva ya kununua. Programu ya LibreOffice hufungua karatasi za Word na hesabu za Excel. Programu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake nyingi hazitaingia, na yapasa mtu alijue hilo mapema. Lakini kwa daftari la ushoni na masomo ya watoto, yatosha.

Kijana wa nyumba ile aliifanya kazi hiyo kwa siku mbili, akiwa ameyanakili kwanza mafaili yote ya mama yake mahali pengine. Hesabu zikafunguka, hata za wadeni wa mwaka 2019. Akiba iliyobaki ikarudi kibubuni, na sasa ina jina: kompyuta ya kizazi cha nane au cha juu yake.

MANENO KWA ANAYEKUSUDIA KWENDA

Basi kijana yeyote atakayetumwa kununua kadi ya grafiki, iwe Bur Dubai, iwe Luthuli mjini Nairobi, iwe Kariakoo, na aandike katika karatasi mambo haya kabla ya kufunga safari. Kwanza, jina na kizazi cha prosesa. Pili, namba ya TPM, na kama kuna UEFI. Tatu, namna ya DirectX na WDDM ya grafiki iliyopo. Nne, wati za pawa-saplai. Tano, umbo la sanduku la kompyuta, na nafasi ya kadi iliyo wazi ndani yake. Sita, matundu ya skrini. Microsoft ina programu ya bure, PC Health Check, inayotaja kwa jina kila mlango uliofungwa. Kazi hii yote haichukui hata nusu saa.

Ikiwa mlango uliofungwa ni wa grafiki peke yake, na nunua kadi bila ya wasiwasi, kwani utakuwa umeipata dawa ya ugonjwa wenyewe. Ikiwa milango ni zaidi ya mmoja, iache kadi dukani. Mali bila daftari huisha bila habari. Na kwa safari ya sokoni, karatasi ile moja ndiyo daftari.

Tulivuka hori tena wakati wa magharibi, taa za majahazi zikiwaka upande wa Deira. Wapagazi walikuwa wangali wakipakia masanduku, na juu ya baadhi yake tulisoma jina la Mombasa.